Fundi Redio na Wimbo wa Matuta

Waliokuwepo uani kwangu Kizwite siku tulipoisikiliza albamu mpya ya bendi ni hawa. Alikuwepo binti yangu Yustina na mume wake Gaspar. Alikuwepo Neema, mtoto wao, mjukuu wangu, ambaye siku hizi ndiye mwimbaji wa bendi. Alikuwepo Skolastika, tuliyelima naye tukiwa wasichana, kaja na basi la asubuhi kutoka Laela, kajifunika vitenge viwili maana ulikuwa mwezi wa saba na baridi yetu mnaijua. Alikuwepo jirani yangu Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe. Na alikuwepo Fundi, baba yake Gaspar, mwenye bendi, kakaa kwenye benchi karibu na mlango wa jiko, kofia kaiweka magotini, kama mtu anayesubiri kusomewa kesi.

Jina lake sitalitaja. Msidhani nimelisahau. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini majina sisahau. Hata waliokuwa wakichota maji na mama yangu ninawakumbuka. Ni kwamba kijana wake kamwoa binti yangu, na nilivyolelewa mimi, mkwe hatajwi jina. Unamwita mkwe, au unamwita kwa kazi yake, inatosha. Vijana wa sasa wanaitana tu, shauri yao. Yeye naye kwangu ni vivyo hivyo. Mjukuu wetu alibatizwa kwa jina langu mimi, na babu yake tangu mtoto yuko mgongoni hajamwita kwa jina hilo hata siku moja. Alitafuta la kwake, akamwita Neema, na mtaa mzima ukamfuata. Basi nami namwita Fundi, na kila mtu Sumbawanga akisikia Fundi, fundi wa redio mwenye gitaa, anajua ni nani.

Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa na tabia ya kuinusa redio kabla hajaigusa. Mtu akiileta anaanza kueleza, imeanguka, imeingia mende, yeye anainua kidole: nyamaza. Anaiweka puani, anavuta, halafu anasema, "Hii imeungua kushoto." Na kweli imeungua kushoto. Akishaitengeneza haifungi kifuniko mpaka mwenyewe aje aone ndani. Bibi mmoja, Editruda, aliyekaa jirani na kanisa, alichungulia akasema, "Kumbe wanaosema hawamo." Fundi akamjibu, "Wametoka kula, mama. Njoo saa kumi." Na yule bibi akaja saa kumi.

Alikuwa akisema, "Redio haifi, inasahau tu." Alikuwa akisema, "Waya usiunge ukiwa na hasira." Wajane hakuwatoza kitu. Lakini nyumbani kwake mwenyewe hakuwa na redio hata moja. Yustina alipoolewa pale alishangaa, akaja kuniambia, "Mama, kule ni kimya kama sakristia." Nilipomuuliza Fundi akasema masikio yake yanafanya kazi kutwa, jioni lazima yalale kabla yake.

Ile kofia ya ukingo mpana aliipata ujanani, sijui kwa nani, na mabuti ya mvua alivaa mwaka mzima, hata kiangazi vumbi likiwa la kufika kifundoni. Alizipenda zile nyimbo za Wazungu wachunga ng'ombe, za gitaa linalolia polepole, ambazo watu wetu wanaziita kantri. Alizisikia kwenye redio za watu alizokuwa akizitengeneza, akajifundisha gitaa hapo hapo, redio moja ikiimba, yeye akifuata. Kiingereza hakijui. Ukimuuliza wanasema nini, anakuambia, "Huyu mvua imemchelewea. Huyu mke karudi kwao. Huyu ng'ombe wamekufa." Masanja siku moja alisimama pale kibandani akasikiliza wimbo mzima, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu ni Msukuma. Kapotea njia tu."

"Msukuma gani analia hivi?" Fundi akamwuliza.

"Aliyekuja Ufipa akapewa shamba lenye mawe."

Basi akaunda bendi, na bendi hiyo tangu zamani ni ya kantri, magitaa matatu na ngoma, imepiga kuanzia hapa mpaka Laela, mpaka Kasanga kule ziwani. Ilipiga Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, wamekula. Na kama mnavyojua bendi, katikati ya wimbo mpigaji anataja majina. Fundi alitaja wenye malori. Alitaja wenye vilabu vya pombe. Alimtaja dereva mmoja aliyemletea samaki, migebuka, kutoka Kasanga, akamtaja mara nne katika wimbo mmoja, mpaka tukajua na wajomba zake.

Sasa niseme neno lenyewe.

Kwetu tunalima kwa matuta. Majani yanakatwa na udongo wake, yanageuzwa, yanafukiwa ndani ya tuta yaoze, na mwaka unaofuata ndiyo mbolea. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, utakufa. Sisi tulikuwa wasichana kumi na mmoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na tulikuwa na wimbo wetu. Tuliutunga wenyewe, kwa Kifipa, na kwa Kiswahili unakuja kama hivi: tuta, nimekulisha majani, zamu yako kunilisha. Mstari wa kwanza aliuanza Paskalia, tena kwa hasira, maana jembe lilikuwa limemchubua. Jioni tukirudi tuliuimba kwa mtungi. Ngoma ya nsimba wengi mnaiona siku za sherehe tu: kigoda kinasuguliwa juu ya mtungi, na mtungi unaguna, sauti nene inayotoka chini ya ardhi. Mtungi nilikuwa napiga mimi. Nasema bila haya, hakuna aliyenishinda.

Fundi alipita njiani na baiskeli yake akatusikia. Akashuka, akasimama, kofia mkononi. Kesho yake akapita tena. Mwezi haukuisha, wimbo wetu ukapigwa na bendi pale Laela, kwa magitaa, watu wakacheza mpaka vumbi likafunika viatu. Mtungi haukuwepo. Na majina aliyotaja ni ya wenye malori.

Wakati huo hatukuwa wakwe, ningeweza kumwambia chochote. Nilimfuata kibandani, Skolastika nyuma yangu.

"Wimbo ule ni wetu."

"Wimbo wa shambani hauna mwenyewe, dada. Ni kama upepo."

"Upepo hauna mwenyewe, jembe linaye. Mbona wa migebuka umemtaja?"

"Yule ana jina linaloimbika."

"Na mwenzetu Dafroza?"

"Dafroza ni jina la kuitia mbuzi."

Skolastika akachukua bisibisi mezani nikamshika mkono. Nikamwambia Fundi, "Na mtungi umeutupa wapi?" Akacheka. Akasema bendi ya magitaa haina nafasi ya vyombo vya jikoni.

Wimbo ule ndio uliompa jina. Redioni waliupiga. Watu walikuwa wakiniimbia mimi wimbo wangu wananiambia, bibi, umeusikia huu? Na wenzangu wakaanza kuondoka. Alitangulia Felista, kwa uzazi. Akafuata Kresensia. Kila tukizika mmoja, naurudia moyoni: amekwenda bila kutajwa. Mtasema jina ni kitu gani. Kwa mwenye lori pengine si kitu. Lakini Felista hakuacha mtoto, hakuacha picha, nyumba yake imekuwa shamba la mtu. Aliacha ubeti wa tatu.

Nilikusudia kumsema Fundi mbele ya watu, siku ya gulio. Ndipo Gaspar akamwona Yustina. Nilimwuliza binti yangu, "Mji wote huu hukuona nyumba nyingine?" Hakuona. Mshenga akaja, mahari ikaliwa, na mimi mdomo wangu ukafungwa. Mkwe hasemwi. Mkwe unampigia makofi ya salamu, unainama, unauliza habari za nyumbani. Miaka yote hiyo nikimpigia makofi, moyoni nahesabu kumi na moja.

Nisimfanye mbaya, maana hakuwa. Yustina alipougua kwa uzazi wa mtoto wa pili, Fundi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, yule yule wa mabuti, na mvua inanyesha. Alikuwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Neno la kukubali kosa ndilo lililokuwa zito. Ukimwonyesha kaunga waya vibaya, hasemi nimekosea. Anaufungua kimya, anaunga upya, anakurudishia redio na karanga juu yake.

Na muziki wa siku hizi alinishangaza. Nilidhani atauchukia, kama wazee wenzetu. Neema akimwekea singeli kwenye simu, ile inayokimbia kama imefukuzwa na nyuki, mimi naziba masikio. Yeye anaitikia kwa kichwa. "Hawa," anasema, "wanapalilia mvua ikiwa karibu." Bongo fleva alisema tamu, ila sukari imezidi chai. Kwaya zetu za kinanda ndizo alizozichukia. Alisema kinanda kinawaambia watu walie wakati gani, na mtu mzima anajua mwenyewe wakati wa kulia. Ule muziki wa kutoka kusini, wenye besi ya kugonga kifua, aliusikiliza kwenye harusi moja mpaka ukaisha. Halafu akageuka kwangu, akiangalia pembeni kama mkwe anavyopaswa, akasema, "Mkwe, hii besi ni mtungi."

Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Mwaka huu baada ya mavuno akaja kwangu na daftari la shule. Alikuwa amekonda. Neema alikuwa amenitangulia kuniambia kwamba bendi inarekodi albamu, na kwamba babu anasema ni ya mwisho kwake, vidole vinakufa ganzi. Akapiga makofi ya salamu, nami nikapiga, akakaa mbali, upande wa jiko.

"Mkwe," akasema, "wale wa matuta walikuwa nani?"

Nikamwuliza Neema, siyo yeye, "Babu yako anataka nini?"

"Bibi, anataka majina. Yatajwe kwenye wimbo."

Nilikuwa napepeta ulezi. Niliweka ungo chini. Nikamwambia Fundi, "Andika. Lakini usije ukaniwekea mama fulani na mama fulani. Tulipoutunga ule wimbo hatukuwa mama wa mtu. Kila mmoja kwa jina lake alilobatizwa, au usiandike kabisa."

Akasema, "Sawa."

Nikamtajia bila kupumua. Paskalia, aliyeanza. Skolastika wa Laela. Agripina wa mlimani. Dafroza na mdogo wake Melania. Apolonia, mwenye kigugumizi akisema, akiimba hana. Felista, wa ubeti wa tatu. Kresensia. Osita, aliyeolewa Kasanga akala samaki mpaka akasahau ugali wa ulezi. Verediana, mfupi kuliko jembe lake. Kumi. Aliandika polepole, ulimi nje kama mtoto. Alipofika kwa Dafroza akasimama kidogo, akaniangalia viatu, akaendelea.

Nikasema, "Na wa kumi na moja unamjua."

"Namjua," akasema, akafunga daftari.

Siku iliyofuata alimtuma Neema na kijinasa sauti, nipige mtungi. Mikono yangu si ile, lakini nililowesha kigoda, nikapiga hapo hapo uani mpaka mabega yakawaka. Neema alikuwa analia na kucheka. Akaniambia fundi mitambo wa studio alishamwonya babu kwamba sauti za namna hiyo huharibu wimbo, na babu akamjibu kuwa hata yeye aliwahi kuwa mjinga, itapita.

Basi tukakusanyika, kama nilivyoanza kusema. Spika juu ya kiti, Neema na simu yake.

Nyimbo ni nane. Niseme ukweli kama msikilizaji: mbili hazifai. Ule wa tatu, wa upepo, unazunguka hapo hapo kama ndama aliyefungwa kamba. Wa saba Neema anaimba juu sana, na nimemwambia. Lakini ule wa lori linalokwama njia ya Laela, ni mzuri mno. Gitaa linajikokota, linateleza, linajikokota, unahisi kabisa tope. Wa ng'ombe wa Masanja umemfanya Masanja ainuke kwenye kigoda akamshike Fundi mkono kwa mikono miwili. Alisema, "Sasa hapa ng'ombe hawajafa." Fundi akasema, "Nimekuonea huruma."

Wa sita ndio wetu. Kwanza inakuja sauti yake, nzee, bila ala yoyote: "Huu wimbo si wangu. Wameutunga wasichana waliokuwa wakilima matuta, nami niliuchukua bila kuomba." Halafu gitaa moja, halafu majina, jina na gitaa, jina na gitaa. Paskalia. Skolastika.

"Rudisha," Skolastika akasema. "Sijasikia." Neema akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu alijifunika uso kwa kitenge na hakuomba tena.

Agripina. Dafroza, na nasema kweli, lile jina liliimbika kuliko yote. Melania. Apolonia. Felista, hapo mimi mwenyewe nilishika nguzo ya jiko. Kresensia. Osita. Verediana.

Halafu gitaa likanyamaza. Ukasikika mtungi peke yake, unaguna, unaguna, kwa muda wa mtu kutembea kutoka mlangoni mpaka getini. Kisha vijana wote wakaingia na wimbo.

Nilihesabu kwa vidole. Kumi. Nikasubiri mpaka wimbo ukaisha, nikidhani nitawekwa mwishoni. Sikuwekwa.

Nikavunja desturi. Nikamtazama mkwe wangu usoni, mara ya kwanza tangu harusi ya watoto wetu. "Fundi. Mimi niko wapi?"

Masanja, mtu wa amani, akasema, "Mashine imekwama pale katikati, haikukwama?"

"Haikukwama, babu Masanja," Neema akasema taratibu.

Fundi alikuwa anaizungusha kofia. "Mkwe, uliniambia nisiseme mama fulani."

"Nilisema."

"Kila mmoja kwa jina lake."

"Nilisema hivyo."

"Basi jina lako mimi nilitaje kwa mdomo gani?" Akamwonyesha Gaspar kwa kidevu. "Mbele ya mwanangu? Redioni?"

Hapo ndipo nilipoona kosa ni la kwangu. Mlango mmoja uliokuwa wazi kwake niliufunga mwenyewe, huku napepeta ulezi kwa kiburi. Lakini uchungu haukuondoka. Nikasema, "Neema angelitaja. Ni jina lake pia."

"Nililitaja, Bibi," Neema akasema. "Studioni nilikutaja. Babu akasema lifutwe. Alisema hapa anaomba radhi, na radhi haiombwi kwa mdomo wa mjukuu."

"Basi nikaacha nafasi," Fundi akasema. "Nikanyamazisha magitaa yote. Hata langu. Iweke tena, Neema, pale tu."

Neema akaiweka pale tu. Nikasikiliza vizuri. Ulikuwa mtungi wangu, na mabega yangu ndani yake, ile namna yangu ya kuvuta kwa kushoto kabla ya kusukuma, ambayo Kresensia alijaribu kuiga akashindwa. Na kwa mbali nikamsikia kuku. Kuku wangu mwekundu, anatangaza yai.

"Yule wa studio alitaka kumtoa kuku," Fundi akasema. "Nikamwambia amwache. Anajulikana kwao."

Skolastika akafunua uso, akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo yake ikaanguka. "Sisi tumetajwa mara moja moja," akasema, "huyu kanyamazishiwa bendi nzima, na kuku wake kawekwa. Halafu ananuna!"

Sikununa. Nilipiga makofi ya salamu, polepole, nikainama kidogo kama inavyotakiwa. Fundi naye akaweka kofia chini akapiga ya kwake. Hatukuangaliana. Yustina akaleta chai na viazi vya kuchemsha, na wimbo wa sita ukapigwa tena, na tena, mpaka simu ya Neema ikaisha chaji.

Nimeandika haya maana albamu imeanza kuzunguka, na wengine wanaulizana kwa nini pale katikati magitaa yanakatika. Hayakukatika. Pale ndipo nilipo mimi.

Majina ya wenzangu nimeyaweka kama ninavyoyakumbuka. Kama Osita hakuolewa Kasanga bali kijiji cha pili yake, kama ubeti wa tatu ulikuwa wa Melania na siyo Felista, kama kuna mtoto au mjukuu wa mmoja wao anayejua zaidi yangu, aje Kizwite anisahihishe, nitamshukuru na chai atakunywa. Ila lile jina moja la mkwe wangu, mtu asije kunikumbusha. Hilo sijalikosea. Nimemwachia nafasi.